Senti za Shaba: Je, Yafaa Kuzihifadhi?



Juma hili tunapenda kujibu swali ambalo limetufikia mara nyingi hapa Tunduma na katika vijiji vya jirani, nalo ni hili: mtu akirithi kopo la sarafu za zamani, zile nyekundu za shaba ambazo hakuna duka linalozipokea tena, azitunze, amuuzie mnunuzi wa vyuma chakavu, au azitupe? Swali laonekana dogo. Lakini aghalabu huulizwa baada ya matanga, wakati wa kugawana mirathi, na ndipo watoto hugombania kopo ambalo hakuna aliyelijali mzee alipokuwa hai. Wapo walioambiwa kwamba kila sarafu ya Mjerumani ni sawa na nyumba mjini. Wapo pia waliouza kopo zima kwa bei ya kilo chache za sukari, na hadi leo wanaamini kuwa walidhulumiwa. Ndugu wamenuniana kwa sababu hiyo, na sisi twaona kuwa ugomvi mwingi wa namna hiyo ungekwisha kama historia ya sarafu hizo ingejulikana.

Kiswahili kinatusaidia hapa, kwa kuwa kina maneno mawili yanayotofautiana. Kuweka akiba ni kuweka kitu ili kije kitumike. Kuhifadhi ni kukilinda kitu kisipotee. Mzee aliyejaza kopo lake aliweka akiba. Watoto wake wanaulizwa jambo jingine kabisa, yaani kama wahifadhi. Tutaanza na akiba, kwa maana huko ndiko kwenye machungu.

Neno pesa limetoka Bara Hindi. Paisa ilikuwa sarafu ndogo ya shaba iliyofika pwani yetu pamoja na rupia, mikononi mwa wafanyabiashara. Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alitoa pesa zake mwenyewe mwaka 1299 wa Hijra, sawa na takriban 1882, zenye picha ya mizani. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki nayo ikatoa za kwake kati ya mwaka 1890 na 1892: upande mmoja tai na jina la kampuni kwa Kijerumani, upande wa pili maandishi ya Kiarabu. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani iliiacha hesabu hiyo ya 64 na kuigawa rupia katika heller 100, na wenyeji wakaziita hela.

Tazameni basi jinsi lugha ilivyotenda. Rupia ilikuwa ya fedha halisi, yenye sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili, nayo leo imebaki katika masimulizi. Pesa na hela zilikuwa za shaba, za chini kabisa, na majina yao ndiyo yaliyopanda yakawa majina ya utajiri wote. Mwenye mabilioni benki anasemwa kuwa ana hela, bila yeye kujua kwamba ametajiwa sarafu ambayo mia moja zake zilihitajika kufanya rupia moja.

Kwa mkulima wa bara, hata hivyo, sarafu hizi hazikuja kama baraka. Zilikuja pamoja na kodi. Kodi ya nyumba ya Wajerumani ilianza kutozwa mwaka 1898, na kwa nyumba ya shamba ilikuwa rupia 3 kwa mwaka, yaani pesa 192 kwa hesabu ya kale au hela 300 kwa hesabu iliyofuata. Mtu aliyezoea kuhesabu mali yake kwa ng'ombe, majembe na mtama alilazimika sasa kuitafuta shaba, akatembea mbali kuifuata, akabeba mizigo ya wengine ili aipate. Kwa hiyo tunapoiona hela moja iliyosagika hata tai haonekani vema, tusidhani ilisagika kwa kununulia peremende.

Kisha ikaja vita ya mwaka 1914. Meli za kuleta sarafu kutoka Ujerumani zilizuiwa baharini, na mwaka 1916 Wajerumani walifua sarafu zao wenyewe huko Tabora, katika karakana ya reli: heller 5, heller 20, na rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo. Tabora ilitekwa na Wabelgiji mwezi Septemba mwaka huohuo. Miaka miwili baadaye vita vilifika katika mipaka yetu hii: mwanzoni mwa Novemba 1918 jeshi la Lettow-Vorbeck lilipita Fife, jirani na Nakonde ya leo, likaelekea Kasama, na tarehe 25 Novemba likaweka silaha chini Mbala, ambayo wakati huo iliitwa Abercorn. Siku hiyo serikali iliyokuwa imeziahidi hela thamani yake ilikuwa haipo tena. Waliokuwa na noti za muda zilizochapwa humu nchini wakati wa vita walibakiwa na karatasi. Waliokuwa na hela za shaba walibakiwa angalau na chuma.

Waingereza waliunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki mwaka 1919, makao yake yakiwa London. Kwa muda mfupi kulikuwa na mchafuko mkubwa: rupia, kisha florini, kisha shilingi iliyoshika nafasi yake mwanzoni mwa miaka ya 1920. Rupia moja ilikuwa imekadiriwa kuwa shilingi mbili, na kwa hiyo senti ya rupia ilikuwa na thamani mara mbili ya senti ya shilingi. Huko Kenya, mwaka 1921, lilitolewa pendekezo kwamba senti za rupia zilizokuwa mikononi mwa Waafrika zihesabiwe tu kama senti za shilingi. Maana yake ni nini? Ni kwamba mwenye noti benki angebadilishiwa kwa haki, na mama wa sokoni mwenye senti kumi zake zilizotungwa kambani angeamka asubuhi na nusu ya mali yake. Tunalitaja jambo hili kwa kuwa linaonyesha wazi ni nani huweka akiba ya shaba. Tajiri haiweki. Shaba ni akiba ya yule asiye na kitu kingine cha kuweka, na kila mara fedha zinapobadilishwa yeye ndiye wa mwisho kupata habari na wa kwanza kupata hasara.

Senti zilizofuata ndizo zilizojaa zaidi katika makopo ya huku kwetu: senti 1, senti 5 iliyoitwa ndururu, na senti 10, zote zikiwa na tundu katikati na pembe za ndovu pembeni mwake. Tundu liliwafaa watu wasiokuwa na mifuko, nao wakazitunga kwenye uzi. Baada ya kukoma kutumika zimefanya kazi nyingine nyingi. Tumeziona zikiwa washa za misumari ya bati, na tumeziona shingoni mwa watoto. Lakini tundu lilileta pia jambo la kuchekesha kidogo. Kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kuweka sura ya mfalme, liliwekwa jina lake tu, na mwaka 1936 zikafuliwa senti 5 na senti 10 zenye jina la Edward wa Nane, mfalme aliyejiuzulu mwezi Desemba mwaka uleule kabla ya kuvikwa taji. Huko Uingereza kwenyewe sarafu zenye sura yake hazikupata kutolewa kwa matumizi, na chache zilizopo zinauzwa kwa mamia ya maelfu ya pauni. Zetu zilitoka kwa wingi, zikanunua chumvi na viberiti, na leo mtu anaweza kuipata moja kwa bei ya soda.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanadhani kwamba umri ndio bei. Sarafu hupata bei kwa watoza sarafu pale zinapokuwa chache na wanaozitaka ni wengi, na zaidi pale zinapokuwa safi kana kwamba zimetoka kiwandani jana. Zetu zilifuliwa kwa mamilioni, zikatumika hadi zikasagika. Hata zile sarafu ndogo za shaba za Uyahudi, za namna ileile aliyoitoa mjane maskini katika Injili, zimefukuliwa kwa maelfu na huuzwa kwa watalii kwa dola chache, ingawa zina umri wa miaka elfu mbili. Heller 20 ya Tabora ina hadithi nzuri kupita nyingi, nayo bado si mali ya kujengea nyumba. Rupia 15 za dhahabu ni jambo jingine, lakini hizo hazikai katika makopo ya wakulima.

Na hapa mpakani kuna matapeli wanaoishi kwa ujinga huo. Wanamwambia mwenye kopo kuwa rupia fulani ina nguvu, kwamba huvuta punje za mchele, kwamba kuna mzungu anayeitaka kwa milioni mia, ila kwanza ilipiwe ada ya vipimo. Utapeli wa shaba ivutayo mchele unajulikana sana hata India, na huko umewafilisi watu wenye elimu. Shaba haivuti kitu. Sumaku yenyewe haiishiki shaba, na huo ndio ukaguzi rahisi ambao mtu yeyote anaweza kuufanya mezani kwake: sarafu nyekundu ikishikwa na sumaku, basi ni chuma kilichopakwa shaba, kama zilivyokuwa ngwee moja za Zambia za miaka ya 1980. Anayedai ada kabla ya kununua hanunui.

Tumeitaja Zambia kwa makusudi, maana makopo ya Tunduma hayafanani na ya Moshi au ya Lindi. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka, na wanaume wa nyanda hizi walikwenda kwa miongo mingi kuchimba shaba Luanshya, Kitwe na Mufulira. Walirudi na peni. Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland lilitoa kuanzia mwaka 1955 peni ya shaba yenye tembo na nusu peni yenye twiga, nazo zilikuwa na tundu kama senti zetu, hata mtoto angeweza kuzitunga kwenye uzi mmoja bila kujua kwamba amechanganya dola mbili. Zambia huru ilitoa peni yake yenye tundu mwaka 1966, kisha mwaka 1968 ikaanza kutumia kwacha na ngwee. Tarehe 1 Januari 2013 iliondoa sufuri tatu katika kwacha yake. Mtu wa hapa aliyeweka akiba kwa fedha za nchi mbili alipoteza mara mbili. Na wakati wote huo shaba yenyewe, ile ya migodini, imekuwa ikipita mbele ya macho yetu kwenda Dar es Salaam, tangu reli ya TAZARA ilipokamilika mwaka 1975 na hata sasa juu ya malori yanayopanga foleni mjini.

Kwa upande wetu, Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa mwezi Juni 1966, na mwaka huohuo zikaja sarafu za taifa huru, zilizochorwa na Christopher Ironside. Senti 5 ndiyo pekee iliyokuwa ya shaba nyekundu, yenye samaki upande mmoja. Senti 20 ilikuwa na mbuni, senti 50 sungura, na shilingi moja mwenge. Upande wa pili alikuwapo Mwalimu Nyerere na maneno Rais wa Kwanza. Tunaomba msomaji asiyapite maneno hayo haraka. Pesa ya mwaka 1890 ilisema Kijerumani na Kiarabu. Hela ilisema Kijerumani. Senti za Bodi zilisema Kiingereza na Kilatini cha wafalme. Ile iliyoandikwa Senti Tano ilikuwa miongoni mwa sarafu za kwanza ambazo mwananchi wa Tanganyika aliyejifunza kusoma katika madarasa ya watu wazima angeweza kuisoma kwa lugha yake mwenyewe.

Haikudumu sana. Mwaka 1966 dola moja ya Kimarekani ilikuwa sawa na shilingi 7 na senti chache. Vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta, uhaba wa fedha za kigeni na hatimaye kushushwa kwa thamani ya shilingi kuanzia mwaka 1986 vilizifanya senti zisiwe na la kununua. Kuanzia mwaka 1987 zilifuata sarafu za chuma kilichopakwa nikeli, na ndururu ikatoweka mitaani bila kuagwa. Hatukuwa peke yetu. Marekani ilifua senti yake ya mwisho ya matumizi mwezi Novemba 2025, baada ya gharama ya kuitengeneza kuzidi mara tatu thamani iliyoandikwa juu yake.

Sasa tufanye hesabu, kwa kuwa ugomvi wa mirathi hauishi bila hesabu. Senti 10 ya zamani yenye tundu, zile nzito za kabla ya Vita Kuu ya Pili, ina uzito wa takriban gramu 11. Mwaka 2025 tani moja ya shaba ilivuka dola 10,000 katika soko la dunia. Tukikadiria dola moja kwa shilingi 2,500, shaba iliyomo katika sarafu hiyo ni ya shilingi 270 hivi, yaani mara 2,700 ya thamani iliyopigwa juu yake. Msishangilie mapema. Mnunuzi wa vyuma chakavu hatoi bei ya soko la dunia, tena shaba ya sarafu imechanganywa na madini mengine. Kopo la kilo mbili, baada ya yote hayo, ni fedha za matumizi ya siku chache nyumbani. Si bure, na mwenye shida asione haya kuiuza. Lakini si urithi wa kuwafanya ndugu wapelekane barazani. Hata hivyo shaba imewazidi waliolaza noti. Kati ya tarehe 6 Januari na 5 Aprili 2025 Benki Kuu ilitangaza muda wa kubadilisha noti za zamani, zikiwemo za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003. Waliozificha chini ya godoro bila kusikia tangazo wamebaki na karatasi, kama wale wa mwaka 1918.

Kwa hiyo, kama akiba, jibu letu ni hapana. Kama hifadhi, jibu ni jingine, na ushahidi wake uko Kilwa. Masultani wa Kilwa walifua sarafu ndogo za shaba katika karne za kati, zenye jina la sultani upande mmoja na maneno ya kumtukuza Mungu upande wa pili, pande mbili zikifanya vina. Hazikuwa na mwaka wala jina la mji. Zilikuwa za sokoni. Hakuna aliyezithamini, zikadondoka mchangani, na kwa sababu hiyohiyo zipo hadi leo kwa maelfu, wakati dhahabu iliyopita Kilwa iliyeyushwa na kupelekwa kwingine. Moja imepatikana Zimbabwe Kuu; nyingine chache ziliokotwa na mwanajeshi mmoja mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Kwa sarafu hizo za shaba wanahistoria wameweza kupanga majina ya watawala ambao maandishi yaliwachanganya. Lakini wale walioziokota kwa pupa na kuzichanganya katika mfuko mmoja, bila kuandika zilitoka shimo gani, waliiharibu nusu ya habari yao.

Hilo ndilo tunalotaka lieleweke kuhusu makopo yetu. Sarafu ya senti 10 ya mwaka 1936 iliyolala peke yake ni moja kati ya mamilioni. Sarafu hiyohiyo, ikiwa na kipande cha karatasi kinachosema kwamba ilikuwa ya bibi fulani wa Mbozi aliyeipata kwa kuuza kahawa ya mumewe, au ya babu fulani wa Ileje aliyerudi nayo kutoka kambi ya jeshi, haipatikani mahali pengine popote duniani. Watu hao hawakuandika barua wala shajara. Majina yao yamo katika vitabu vya ubatizo kwa walio wachache, na katika orodha za kodi ambazo nyingi zimekwisha kuliwa na mchwa. Shaba waliyoishika ndiyo hati yao, ila hati isiyo na jina mpaka mwenye kumbukumbu aitaje. Na wenye kumbukumbu wanapungua kila mwaka. Tunajua hilo kuliko wengi, maana sisi ndio tunaoitwa kuwazika.

Basi wenye makopo wafanye hivi. Kabla mzee hajaondoka, zimwagwe mezani mbele yake, aulizwe moja moja. Atakazozikumbuka zitengwe, kila moja katika bahasha yake, na maneno yake yaandikwe kwa kalamu ya risasi, kwa jina, mahali na mwaka kama anaujua. Zisisuguliwe kwa mchanga, majivu wala ndimu, kwa kuwa weusi ule ndio unaoilinda shaba, na hata mtoza sarafu huikataa iliyong'arishwa. Zisiwekwe katika mfuko wa plastiki wenye unyevu. Anayeokota sarafu za kale kabisa shambani au ufukweni ajue kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda masalia ya kabla ya mwaka 1863, wala hayauzwi kiholela. Mzee akiwa amekwisha kufariki, kila mtoto achague sarafu moja, ya mwaka wa kuzaliwa kwa marehemu ikiwezekana, aiandikie jina lake. Zilizobaki, zile ambazo hakuna anayeweza kuzisema lolote, zipimwe kwenye mizani ya duka mbele ya ndugu wote kabla mnunuzi hajaleta ya kwake, kisha ziuzwe, na fedha igawanywe sawa.